James Grant: Msafiri aliyeiacha kamera, akaichora Karagwe

WENGI wanaotaka kuanza kupiga picha za nyota hukata tamaa mapema, wakidhani kuwa bila kamera ya bei kubwa hakuna linalowezekana. Maisha ya James Augustus Grant, aliyekaa Karagwe zaidi ya miaka 160 iliyopita, yana funzo jingine: kifaa kinachofaa ni kile ambacho mtu anaweza kukibeba na kukitumia.

Grant alizaliwa Nairn, Uskoti, Aprili 11, 1827. Akiwa ofisa wa jeshi nchini India, alijeruhiwa mkononi katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857. Mwaka 1860 aliwasili Unguja pamoja na John Hanning Speke, aliyeongoza msafara wa kutafuta chanzo cha Mto Nile.

Picha alizopiga Unguja ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kisiwani humo. Hata hivyo, kamera ya zama hizo ilikuwa mzigo. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema dogo lenye giza. Nyota, zenye mwanga hafifu unaohitaji muda, hazikunaswa kwa urahisi na kioo cha aina hiyo. Speke, akihofia kuwa joto la hema lingemuua mwenzake, aliirudisha kamera pwani.

Msafara ukabaki na vifaa vyepesi. Sekstanti ilipima kimo cha nyota usiku, na hesabu zikaonyesha latitudo ya kambi. Kipimajoto kilichotumbukizwa katika maji yanayochemka kilisaidia kukadiria mwinuko wa nchi. Grant naye akashika penseli na rangi za maji.

Novemba 1861 walipokewa na Omukama Rumanyika huko Bweranyange, katika ufalme ambao ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kidonda kibaya cha mguu kilimlaza Grant. Januari 1862 Speke alitangulia Buganda, na mwenzake akabaki hadi Aprili, alipoondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Julai mwaka huo Speke alifika peke yake mahali Nile inapotoka ziwani, Grant akiwa ametumwa njia ya Bunyoro.

Alikosa tukio hilo, lakini hakurudi mikono mitupu. Michoro yake ilipamba kitabu cha Speke cha mwaka 1863, na mwaka 1864 alichapisha kitabu chake mwenyewe na kutunukiwa medali na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Alifariki dunia Nairn, Februari 11, 1892.

Kwa mkazi wa Kayanga au Nkwenda mwenye fedha kidogo, funzo ni hilohilo. Simu inayoruhusu kurefusha muda wa kupokea mwanga, ikifungwa kwenye stendi imara ya miguu mitatu mbali na taa, inatosha kuanzia. Darubini inaweza kusubiri.