Daktari Barnardo na Watoto wa Mitaani
Mwezi huu twamkumbuka Thomas Barnardo. Mwaka 1866 alitoka Dublin kwenda London, akikusudia umisionari wa China. Hakufika. Mtoto Jim Jarvis alimwonyesha usiku wenzake waliolala juu ya mapaa. Mwaka 1870 akafungua nyumba huko Stepney, wavulana wakafundishwa useremala na ushonaji viatu. Jioni moja nafasi zilikuwa zimejaa, akamkataa mtoto John Somers. Baada ya siku mbili mtoto huyo alikutwa amekufa. Tangu hapo kibao cha mlangoni kiliahidi kumpokea kila mtoto fukara. Wengi walipelekwa Kanada, mbali na ndugu zao. Hilo hatuwezi kulisifu. Alipofariki mwaka 1905, nyumba zake zilikuwa zikilea watoto zaidi ya 8,000.