Dkt Matthew Lukwiya: Daktari aliyejua kila kitu kuhusu kujikinga, ila usiku mmoja

UKIPITA Kericho asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha umande, hebu watazame wachuma chai wanavyoingia shambani. Hakuna anayeingia hivi hivi tu. Kila mmoja amejifunga aproni ya plastiki kiunoni, gambuti miguuni, kikapu mgongoni. Umande wa majani chai si mchezo. Bila hiyo plastiki, kufikia saa mbili asubuhi umeshalowa chepechepe, na siku yako imeharibika.

Hujawahi kusikia mtu akimcheka mchuma chai ati ni mwoga kwa sababu amevaa aproni. Basi nikuulize: mbona ukimpeleka mgonjwa wako hospitalini usiku, pale Longisa au Kapkatet, muuguzi akikuambia usubiri kwanza avae vifaa vya kujikinga, unaanza kununa?

Nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja. Ukishayasoma, nadhani siku hiyo utasubiri bila kelele. Kisa chake hakikutokea kwetu bali kwa majirani, kaskazini mwa Uganda. Lakini utaona kwamba nacho kinaanza na majani ya chai.

Mtoto wa mama mchuuzi

Matthew Lukwiya alizaliwa Novemba 24, 1957, eneo la Kitgum, nchi ya Waacholi, karibu na mpaka wa Sudan. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikufa maji Matthew akiwa na umri wa miaka 12. Mama akabaki na wavulana wanne na mikono yake miwili.

Huyo mama alifanya nini? Aliingia kwenye biashara ya magendo. Alivusha majani ya chai hadi Sudan, akayabadilisha kwa sabuni, akarudi kuiuza nyumbani. Matthew alipokua kidogo, mama alijaribu kumfundisha kazi hiyo ya kubeba mizigo kwa baiskeli. Wapi! Kijana akili yake ilikuwa kwenye vitabu. Darasani alikuwa wa kwanza, wilayani wa kwanza, na alipomaliza sekondari ya juu alikuwa miongoni mwa vinara wa Uganda nzima. Karo ililipwa na ufadhili hadi akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari.

Mwaka wa 1983 alifika Hospitali ya St Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kama daktari mwanagenzi. Ukiijua Tenwek ya Bomet, huna shida ya kuielewa Lacor. Zote mbili zilianzishwa na wamishonari mashambani, mbali na jiji. Lacor ilianzishwa mwaka wa 1959, mwaka ule ule ambao Tenwek, iliyokuwa zahanati tangu 1937, ilimpata daktari wake wa kwanza, Ernest Steury. Na zote mbili zilikua hadi watu wakawa wanatoka mbali kuzifuata.

Lacor ilikuwa mikononi mwa mume na mke, Dkt Piero Corti kutoka Italia na Dkt Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada. Walimwona Matthew akichapa kazi, wakajua wamempata mtu wa kuwarithi.

Alikataa kazi ya Uingereza

Miaka hiyo kaskazini mwa Uganda kulikuwa na vita. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka wa 1989, waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwateka watawa. Matthew akajitokeza, akasema wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua kweli. Alizunguka nao msituni kwa wiki nzima akiwa bado amevaa koti lake la daktari, kisha wakamwachilia. Aliporudi, alifungua malango ya hospitali usiku ili wanakijiji wapate mahali salama pa kulala. Maelfu ya watu, wengi wao akina mama na watoto, wakawa wanalala uani mwa hospitali.

Mwaka wa 1990 alipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili Liverpool, Uingereza, kuhusu magonjwa ya watoto katika nchi za joto. Alifanya vizuri mno hadi wakataka abaki awe mwalimu wao. Wewe ungefanyaje? Kazi ya maana, mshahara mzuri, hakuna risasi usiku. Yeye alipanda ndege akarudi Gulu.

Kuna jambo moja alilojifunza Lacor ambalo hakuna chuo kingemfundisha. Dkt Lucille alifanya upasuaji kwa miaka mingi, wakiwemo majeruhi wengi wa vita. Katika kazi hiyo alijikata, damu ya wagonjwa ikaingia mwilini, akaambukizwa virusi vya HIV. Alifariki Agosti 1996, akazikwa papo hapo uani mwa hospitali. Kwa hivyo, usifikiri kwamba Matthew alihitaji kuambiwa na mtu kwamba kazi ya kuokoa maisha inaweza kukuua. Alikuwa amemwona mwalimu wake ikimmaliza pole pole.

Simu ya Oktoba

Mwaka wa 2000 Matthew alikuwa Kampala, akisomea shahada nyingine kuhusu afya ya umma. Asubuhi ya Oktoba 7 alipigiwa simu kutoka Lacor. Kulikuwa na ugonjwa wa ajabu, na wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wameshakufa. Jioni hiyo hiyo alikuwa ameshafika Gulu.

Usiku alikaa na mwenzake, wakapitia faili za wagonjwa moja baada ya nyingine. Homa kali, kutapika, wengine wakivuja damu. Akafungua ripoti za mkurupuko wa Ebola uliotokea Kikwit, nchini Congo, mwaka wa 1995. Dalili zilifanana. Ebola haikuwa imewahi kuthibitishwa Uganda, lakini hakungoja barua ipite ofisi kumi. Alipiga simu moja kwa moja Kampala kwa afisa wa juu wa Wizara ya Afya. Majibu ya maabara kutoka Afrika Kusini yalikuja katikati ya mwezi, yakathibitisha alichosema.

Lakini hata kabla ya majibu hayo kufika, Matthew alikuwa ameshatenga wadi maalum. Wahudumu waliofanya kazi humo walijitolea wenyewe. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipofika, walikuta kazi imeshaanza, na imeanza vizuri.

Ilimbidi pia kufanya jambo lililomuuma. Wale maelfu waliokuwa wakilala uani aliwaomba waondoke, kwa sababu msongamano sasa ulikuwa hatari kuliko waasi.

Sheria za mlangoni

Hapa tusimame kidogo tuelewe virusi vyenyewe, maana ndipo kisa chote kilipo.

Ebola haisambai hewani kama vile Covid-19. Inapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa. Ngozi nzima isiyo na kidonda ni ukuta mzuri. Shida ni milango ya ukuta huo: mdomo, pua na macho. Jicho ni laini na lina unyevu, na tone dogo la damu likilifikia, linatosha. Ndiyo maana mhudumu anavaa gauni, aproni, glavu mbili, gambuti, kofia na barakoa, halafu anamalizia na miwani ya kujikinga au ngao ya uso, ile plastiki angavu inayoshuka kutoka kwenye paji la uso hadi chini ya kidevu.

Wengi waliiona ngao hiyo mara ya kwanza mwaka wa 2020, Covid-19 ilipofika Kenya. Kumbuka kwamba haichukui nafasi ya barakoa, kwa sababu hewa inapita chini yake. Kazi yake ni kuzuia mrusho: mgonjwa akikohoa, akitapika au damu ikiruka, inagonga plastiki badala ya kugonga jicho. Tena inamzuia mhudumu kujigusa usoni kwa glavu chafu.

Lakini vaa hivyo vyote kwa saa nane kwenye joto la Gulu. Jasho linatiririka, plastiki inapata ukungu, huoni mshipa wa kudunga sindano. Na bado Matthew alisisitiza sheria hizo kila siku, kwa sababu wahudumu wake walikuwa wakifa mmoja mmoja.

Mwezi wa Novemba hofu ilizidi. Wahudumu mamia walikusanyika, wengi wakitaka kuacha kazi na hospitali ifungwe. Matthew aliwasikiliza, kisha akasema nao kwa saa kadhaa. Hakumlazimisha yeyote. Aliwaeleza kwamba kama wangeondoka, naye angeondoka Gulu asirudi tena, lakini kama wangebaki, angekuwa nao hadi mwisho. Walibaki.

Dakika chache za alfajiri

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Novemba 20, kabla ya mapambazuko. Ndani ya wadi ya Ebola, muuguzi mmoja wa kiume, mfanyakazi mwenzao, alikuwa katika hali mbaya. Alikuwa akivuja damu, akihangaika kupumua, akainuka kitandani huku akikohoa damu. Waliokuwa zamu waliogopa kumkaribia. Wakamwita Dkt Matthew.

Aliamka usingizini akaenda mbio. Alivaa barakoa. Alivaa kofia, gauni, aproni na glavu. Hakuvaa kitu cha kukinga macho.

Alimsaidia yule muuguzi, akamrudisha kitandani, akamsafisha. Muuguzi alifariki muda mfupi baadaye.

Siku sita baadaye Matthew akapata homa. Mwanzoni aliichukulia kama mafua au malaria. Vipimo vikaonyesha Ebola. Wenzake waliamini kwamba aliambukizwa alfajiri ile. Aliwekwa katika wadi aliyoianzisha yeye mwenyewe, akahudumiwa na watu aliowafundisha. Mkewe, Margaret, alifika kutoka Kampala, akamwona akiwa amevalia mavazi ya kujikinga kama mhudumu. Matthew aliomba kwamba, kama ni lazima afe, basi awe wa mwisho.

Alifariki usiku wa kuamkia Desemba 5, 2000. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alizikwa siku hiyo hiyo na watu waliovaa mavazi ya kujikinga kutoka kichwani hadi miguuni, karibu na kaburi la Dkt Lucille. Mkurupuko ulitangazwa kuisha Februari 2001. Watu 425 walikuwa wameugua, 224 wakafa. Wataalamu wanakubaliana kwamba bila hatua za mapema za Lacor, hesabu ingekuwa mbaya zaidi.

Usikosee funzo lake

Kuna namna mbili za kukosea unaposoma kisa hiki. Ya kwanza ni kusema alizembea. Si kweli. Huyu ndiye aliyewafundisha wengine. Lakini binadamu aliyechoka, aliyeamshwa usingizini, anayesikia rafiki yake akikata roho, atakimbia. Ya pili ni kusema ushujaa wake ulikuwa kuingia bila kinga. Hapana. Ushujaa wake ulikuwa kurudi kutoka Liverpool, kujitoa kwa waasi, kupiga simu Kampala na kubaki. Kukosa kinga ya macho hakukumwongezea ushujaa wowote. Kulimwondolea miaka ya kuishi, na kuliwaondolea watoto wa Gulu daktari wao.

Miaka 20 baadaye, Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki wa kaunti hapa Kenya waligoma, na madaktari wakafuata. Moja ya madai yao lilikuwa vifaa vya kujikinga dhidi ya Covid-19. Mwezi huo huo tulimzika daktari wa miaka 28. Wapo waliosema wahudumu wanapenda pesa kuliko wagonjwa. Pengine hawakuwahi kusikia habari za Lukwiya.

Wapo pia vijana walioelewa. Mwaka huo wa 2020, jijini Nairobi, wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki waliacha kazi zao za kawaida wakaanza kutengeneza ngao za uso. Ni ukanda wa kichwani na karatasi ya plastiki angavu, basi. Kitu rahisi hivyo kinaweza kuwa tofauti kati ya daktari anayerudi nyumbani na yule asiyerudi.

Kwa hivyo siku ukimpeleka nyanya yako hospitalini usiku, na muuguzi akachukua dakika mbili kuvaa kabla ya kumgusa, mwache avae. Na ukiona anaingia bila kinga kwa sababu kabati halina kitu, hapo ndipo upige kelele, na uzielekeze kwa wanaotakiwa kulijaza.

Mchuma chai wa Kericho hutundika aproni yake karibu na mlango, ili asubuhi asiitafute gizani. Ngao ya uso nayo inafaa itundikwe hivyo, mlangoni mwa wadi, ili hata anayekuja mbio aione.