Margaret Rutherford, aliyeanza kwa kuchelewa
Margaret Rutherford alizaliwa London mwaka 1892. Baba yake, akiwa na wazimu, alikuwa amemuua mzazi wake mwenyewe. Mama yake alijiua Margaret akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa na dada ya mama yake. Alifundisha piano kwanza, ndipo mwaka 1925, akiwa na miaka 33, akapanda jukwaani. Muda wote aliogopa kurithi ugonjwa wa baba. Hata hivyo alichekesha watu: mwaka 1941 aliigiza Madame Arcati, mwita mizimu wa Noël Coward, na baadaye Miss Marple katika filamu nne. Alipata Oscar mwaka 1964, akiwa na miaka 71. Alifariki mwaka 1972. Wanawake wa ajabu aliowaigiza hakuwadhihaki, aliwapa heshima.