Maisha ya Fridtjof Nansen, Rafiki wa Wasio na Nchi

Muhula huu nimependa kuwaelezeni habari za Fridtjof Nansen wa Norway. Wengi humjua kwa sababu alikuwa msafiri hodari wa nchi za barafu. Mimi nataka hasa kueleza kazi aliyoifanya alipokuwa mtu mzima, yaani kupatanisha mataifa na kuwaokoa watu waliokosa kwao. Nimemchagua yeye kwa kuwa mara nyingi twasikia ya kwamba mambo ya dunia huamuliwa na mataifa makubwa tu, na kwamba kazi ya nchi ndogo ni kusikiliza. Maisha ya Nansen yaonyesha kuwa sivyo.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao tangu mwaka wa 1925 huitwa Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alipokuwa mtoto alipenda sana kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zifungwazo miguuni. Chuoni alisoma elimu ya wanyama, na katika mwaka wa 1888 alipata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake wa mishipa ya fahamu.

Mwaka uo huo, yeye na wenzake 5 walivuka Greenland kwa miguu, juu ya barafu tupu. Waliojaribu kabla yake walianzia magharibi, penye miji, na walipoona taabu walirudi. Nansen alianzia mashariki kwa makusudi, ili nyuma yao pasiwe na mahali pa kukimbilia. Kisha katika mwaka wa 1893 alisafiri na merikebu iitwayo Fram, akaiacha ishikwe na barafu ili ichukuliwe na mkondo wa bahari. Mwezi wa Machi, 1895, aliiacha merikebu akaenda mbele na mwenzake mmoja, Hjalmar Johansen. Walifika latitudo ya digrii 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyepata kufika. Walipitisha majira ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Hata mwezi wa Agosti, 1896, wakarudi Norway wazima, na wenzao wa Fram pia wakarudi wote salama.

Tangu hapo jina la Nansen lilijulikana kila mahali, na jina hilo likawa mtaji wa nchi yake. Wakati huo Norway ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden, jirani yake mwenye nguvu zaidi. Katika mwaka wa 1905 Wanorway walitaka kujitenga, na ilidhaniwa kwamba vita vitatokea. Nansen aliandika katika magazeti ya nchi za nje kueleza haki ya watu wake, lakini aliwashauri pia wasiwe na kiburi. Kura zilipopigwa mwezi wa Agosti, watu 368,208 walikubali kujitenga, na 184 tu walikataa. Mapatano yakafanywa bila damu kumwagika. Nansen akapelekwa London kuwa mjumbe wa kwanza wa Norway huru katika Uingereza, kuanzia mwaka wa 1906 mpaka 1908.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yaliunda Shirikisho la Mataifa mjini Geneva, ambalo lilitangulia Umoja wa Mataifa wa siku hizi. Watu wa Norway wakati huo hawakufika hata milioni 3. Walimtuma Nansen kuwa mjumbe wao, na mara katika mwaka wa 1920 akapewa kazi ambayo wakubwa walikuwa wameshindwa kuimaliza. Mamia ya maelfu ya mateka wa vita walikuwa bado wamekwama mbali na kwao, wengi wao katika Siberia, na wengine katika Ulaya wakingoja kurudi Urusi. Njaa, baridi na maradhi vilikuwa vikiwaua kila siku, ijapokuwa vita vilikuwa vimekwisha.

Shida ilikuwa hivi. Serikali mpya ya Urusi haikulitambua Shirikisho, na mataifa makubwa hayakuitambua serikali hiyo. Basi nani angeongea na nani? Warusi walikubali kuongea na Nansen mwenyewe. Nchi yake haikupigana katika vita ile, wala haikuwa na jeshi la kumtisha mtu, na yeye alijulikana kuwa mtu asemaye kweli. Hapa ndipo tunapoona kwamba udogo wa nchi waweza kuwa nguvu, kwa maana hakuna aliyeshuku kwamba Norway yataka kumnyang'anya mtu kitu. Nansen alitafuta mikopo na merikebu, akapanga safari kwa garimoshi na kwa bahari, wengine wakipitia Narva katika bahari ya Baltic, wengine bahari Nyeusi, wengine Vladivostok. Kufika mwaka wa 1922 mateka zaidi ya 427,000 walikuwa wamekwisha kurudi makwao.

Lakini si kila jambo alilotaka lilifanikiwa. Katika mwaka wa 1921 njaa kubwa ilitokea Urusi, hasa katika bonde la mto Volga. Mwezi wa Septemba Nansen alisimama mbele ya wajumbe wa Shirikisho akaomba fedha za chakula. Alieleza ya kwamba nafaka ipo duniani, na merikebu zipo, bali watu wanakufa. Serikali nyingi zilikataa, kwa kuwa ziliogopa kuisaidia serikali ya Urusi wasiyoipenda. Nansen hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe Volga, akarudi na picha za mambo aliyoyaona, akazunguka miji akiwahubiria watu wa kawaida, nao walichanga. Wamarekani nao walileta msaada mkubwa, mkubwa kuliko wote. Hata hivyo, watu wapatao milioni 5 walikufa. Mimi naona jambo hili lisisahauliwe. Mtu mwenye njaa haulizi chakula kimetoka chama gani, na mtoto hana hatia ya serikali yake.

Wakati huo huo alikuwa na mzigo mwingine. Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia nchi yao, na mwezi wa Desemba, 1921, serikali yao ikawavua uraia. Fikirini hali yao. Mtu asiye na hati hawezi kuvuka mpaka, wala kutafuta kazi, na akifukuzwa hapa hapokelewi kule. Nansen, aliyekuwa Mkuu wa mambo ya wakimbizi katika Shirikisho, aliitisha mkutano Geneva, na mwezi wa Julai, 1922, serikali zikakubali hati mpya ya kusafiria. Watu waliiita pasipoti ya Nansen. Ilikuwa karatasi tu, isiyo na taifa nyuma yake, lakini baadaye serikali zaidi ya 50 ziliikubali. Katika mwaka wa 1924 Waarmenia nao walipewa. Igor Stravinsky, mtunzi wa muziki, na Marc Chagall, mchoraji, ni miongoni mwa walioitumia.

Katika mwaka wa 1922 Nansen alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake alizitoa zisaidie wenye shida. Mwaka uo huo aliitwa kusaidia Wayunani na Waturuki waliokuwa wamemaliza vita. Alipendekeza wabadilishane watu, na mapatano yakatiwa sahihi Lausanne mwezi wa Januari, 1923. Zaidi ya watu milioni moja na nusu waliyapoteza makwao, wengi hata hawakuulizwa. Wako wanaosema kwamba hivyo vita vilizuiwa visirudi, na wako wanaosema kwamba haki za watu hao zilivunjwa. Nadhani wote wawili wana neno la kweli, nasi katika darasa la historia tungefanya vema kulijadili.

Nansen alikufa nyumbani kwake, Lysaker, tarehe 13 Mei, 1930. Alizikwa tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa la Norway. Ofisi ya wakimbizi iliyopewa jina lake ilipata Tuzo ya Nobel katika mwaka wa 1938.

Wema hauozi. Tangu mwaka wa 1954 Umoja wa Mataifa hutoa nishani ya Nansen kwa waliowafaa wakimbizi, na katika mwaka wa 1983 alipewa Mwalimu Julius Nyerere. Tanzania haikuwa nchi tajiri. Lakini Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka wa 1972 walipewa mashamba huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kujilisha wenyewe.

Basi, wanafunzi wenzangu, nasi wazazi wetu mtakaosoma gazeti hili, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nansen hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na jina jema, na subira ya kwenda kugonga mlango uliofungwa mara ya pili na ya tatu. Vitu hivyo viwili havihitaji nchi kubwa, na kila mmoja wetu aweza kuanza kuvitafuta hapa hapa shuleni.