Charles Kettering na Mkono Wangu wa Kulia

Nilikuwa Magunga, chini ya vilima vya Gwasi, na Peugeot 404 yangu kuukuu imegoma. Betri imechoka, haiwezi kuizungusha injini. Basi nikatoa hendeli, nikaichomeka kwa mbele, nikazungusha. Injini ikairudisha hendeli kwa kishindo, ikanikosa mkono kwa nusu shibiri.

Fundi wa hapo, kijana mwenye adabu, aliniomba mimi mzee wake nikae kando. Akanifahamisha kwamba cheche inakuja mapema mno: petroli inashika moto pistoni ingali inapanda, inasukumwa chini kinyume, na hendeli nayo inarudi kinyume. Akaiweka pistoni ya kwanza mahali pake, akalegeza distributa, akafunga taa ndogo kwenye waya wa koili. Betri iliyoshindwa na injini haikushindwa na taa. Akaizungusha distributa taratibu, kama mtu atafutaye stesheni ya redio, hata pointi zikaachana na taa ikawaka. Hapo akakaza.

Nami juu ya jiwe nikamkumbuka Charles Kettering, kwani distributa ile na koili ile ni urithi wake.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1876, shambani karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yalimtesa tangu ujanani hata akaacha chuo kwa muda, akaenda kufanya kazi na wajenzi wa nyaya za simu. Alirudi, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904. Kazini Dayton akaitilia mota ya umeme mashine ya kuhesabia fedha madukani.

Zama hizo dereva aliiwahisha au kuichelewesha cheche kwa mkono, kwa kijiti kilicho kwenye usukani. Aliyesahau kuichelewesha kabla ya kupiga hendeli alivunjwa mkono. Mwaka 1908 alifariki Byron Carter, mtengenezaji wa magari. Husimuliwa kwamba alikuwa akimsaidia bibi mmoja ambaye gari lake lilizimika, hendeli ikampiga taya. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, rafiki wa marehemu, alihuzunika sana.

Kettering na mwenzake Edward Deeds walikuwa na karakana yao, Delco, waliyoianzisha 1909. Kwanza walimpa Leland mtambo wa cheche wa betri, kisha stata ya umeme. Wataalamu walidai mota ya kuweza kazi hiyo ingekuwa kubwa kama injini yenyewe. Kettering alikwisha jifunza katika mashine za fedha kwamba mota ndogo hubeba mzigo mkubwa, mradi iwe kwa muda mfupi tu. Cadillac za 1912 zikatoka na stata, na hendeli ikaanza kusahauliwa.

Laiti ningeishia hapa! Lakini injini zilikuwa na ugonjwa mwingine, kugonga, na dawa aliyoipata msaidizi wake Thomas Midgley mwaka 1921 ilikuwa risasi ndani ya petroli. Madaktari walionya. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili. Biashara ikasimama kidogo, kisha ikaendelea, na Kettering hakuipinga. Yeye ndiye aliyekuwa akiisukuma. Sioni namna ya kumtetea. Mwaka 1945 jina lake likawekwa kwenye taasisi ya utafiti wa saratani jijini New York, kwa kuwa alisaidia kuianzisha. Alifariki Dayton, 25 Novemba, 1958.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia 2006. Algeria, ya mwisho duniani, 2021. Utotoni mwangu Mombasa mafundi waliivuta kwa mdomo, kwa mpira, wakatema, na sisi watoto tukipokezana mpira ule tupate kuiga.

Pale Magunga gari liliwaka kwa mzungusho wa pili. Hendeli aliishika fundi.