Stokes na Taa Inayozimika

Sisi tuliosoma PCM na PCB tunamjua George Gabriel Stokes kwa gololi tu. Ile inayozama polepole kwenye glisarini. Unapiga hesabu za mnato, unachukua maksi zako, unamsahau mzee wa watu. Mimi naona anastahili heshima zaidi kwa jambo jingine.

Alizaliwa 1819 huko Skreen, Ireland, mtoto wa mwisho wa mchungaji. Cambridge alimaliza 1841 akiwa wa kwanza katika mtihani wa hisabati, na 1849 akapewa kiti cha uprofesa alichowahi kukalia Newton. Hakukiachia mpaka alipofariki 1903. Miaka zaidi ya hamsini, jamani!

Kazi ninayoipenda ni ya 1852. John Herschel alishaona kwamba maji yenye kwinini (ndiyo, dawa ile ile ya malaria) hung'aa buluu juani. Stokes akautawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akapitisha mrija wa kwinini kwenye rangi moja baada ya nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kijani, kimya. Ulipovuka urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu, mrija ukawaka. Kwinini ilikuwa inameza mwanga usioonekana na kutoa unaoonekana. Akaliita tukio hilo floresensi.

Halafu akaona kwamba ukitia asidi ya haidrokloriki, buluu inazimika ingawa kwinini bado imo. Hapo ndipo penye utamu. Kama kloridi inazima taa, basi taa ikizimika unaweza kuishuku kloridi. Mwaka 1864 aliwahutubia wanakemia wa London kuhusu kutumia mwanga kutambua vitu vilivyomo kwenye mchanganyiko. Vipimo vya leo vya oksijeni kwenye gesi, au vya maji yaliyojificha ndani ya kiyeyushi, vinapita njia hiyo hiyo: molekuli inawaka, mgeni akiingia inafifia au inabadili rangi.

Yeye mwenyewe hakufika mbali nayo. Kuanzia 1854 hadi 1885 alikuwa katibu wa Royal Society, akisoma na kurekebisha makala za wengine. Wapo waliolalamika kwamba kipaji kilipotea kwenye makaratasi. Nawaelewa, ila sijui nani mwingine angeifanya kazi ile kwa uvumilivu wake.

Ukitaka kuona alichokiona, mulika maji ya toniki kwa ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia. Kisha tia chumvi, usiionee huruma, uangalie buluu inavyofifia.