Ibn Khaldun Si Pambo la Insha

Wiki kadhaa zilizopita vijana wetu wa sekondari waliandika insha za historia ya dunia, nami nikawa mmoja wa walioombwa kuzisoma. Mada ilikuwa moja: kwa nini dola kubwa huinuka na kisha huanguka. Wengine walichagua Warumi, wengine Bani Abbas wa Baghdad, wengine Andalusia, na wachache wakaenda kwa Waothmani. Hati zilikuwa safi na lugha nzuri. Lakini karibu zote zilikuwa na umbo moja, utadhani zimetoka kwenye desa moja: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Hoja ya kwanza udhaifu wa watawala, ya pili anasa, ya tatu fitina, na kadhalika. Zile zile zilizoiangusha Roma ndizo zilizoiangusha Baghdad, na kwa mpangilio ule ule! Na katikati ya insha nyingi ikapachikwa sentensi kwamba Ibn Khaldun ni baba wa sosholojia. Basi. Alikuwa nani, na alisema nini hasa, hakuna aliyegusa.

Naona tumjue mtu huyu, maana alitumia sehemu kubwa ya akili yake kupigana na historia inayoandikwa kwa namna hiyo hiyo.

Abdulrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwanzoni mwa Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, ile ile ambayo familia nyingi za pwani yetu zina nasaba nayo. Wazee wake walihamia Andalusia wakawa watu wakubwa katika mji wa Seville, kisha wakauhama kabla haujatekwa na Wakristo mwaka 1248. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba iliyokuwa na kumbukumbu ya dola iliyopotea. Alihifadhi Qur'an, akasoma hadithi, fiqhi ya Imam Malik, mantiki na hisabati. Alipokuwa na miaka 16 hivi, tauni ikaingia Tunis. Iliwachukua baba yake, mama yake na masheikh wake wengi. Kijana anayeona mji mzima unakufa ndani ya miezi michache hawezi kuridhika kwa urahisi kuambiwa kwamba mambo ya dunia hubadilika kwa sababu ya mfalme mmoja mvivu.

Miaka ishirini na zaidi iliyofuata ni ya siasa, na sitamtakasa. Alikuwa na tamaa ya vyeo. Alitumikia watawala wa Tunis, wa Fez, wa Granada na wa Bijaya, na mara nyingine alihama kwa bwana mmoja kwenda kwa mpinzani wake pale upepo ulipogeuka. Kule Fez alikaa gerezani karibu miaka miwili, akatoka baada ya sultani aliyemfunga kufariki mwaka 1358. Mwaka 1364 mtawala wa Granada alimtuma kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Castile, aliyekuwa akikaa Seville. Akaingia mji wa babu zake akiwa mgeni. Pedro akamwahidi kumrudishia mali za ukoo wake ikiwa atabaki kumtumikia. Alikataa.

Kisha akachoka. Mwaka 1375 alijitenga na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, chini ya hifadhi ya kabila la Waarabu wa hapo. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, akaandika rasimu ya kitabu ambacho dunia inakijua kwa jina la Muqaddimah, yaani utangulizi wa historia yake kubwa.

Hapa ndipo ningependa wale vijana wasimame kidogo. Wanahistoria waliomtangulia, tena wakubwa, walinukuu kwamba Nabii Musa (a.s.) alipowahesabu wapiganaji wa Bani Israil jangwani aliwakuta ni laki sita au zaidi. Wengi waliipokea habari hiyo kwa kuwa imeandikwa na mkubwa. Ibn Khaldun akakaa akapiga hesabu. Je, jeshi la ukubwa huo linapangwaje vitani, upande mmoja ujue upande wa pili unafanya nini? Wafursi walikuwa na dola kubwa kuliko Bani Israil, na bado jeshi lao kule Qadisiyya, kwa idadi aliyokuwa nayo yeye, lilikuwa laki moja na ishirini elfu. Na kutoka Yaaqub hadi Musa ni vizazi vinne tu. Ukoo wa watu sabini utazaaje jeshi hilo? Kabla ya kuuliza nani kasimulia, alitaka tuulize kama jambo lenyewe linawezekana kwa tunavyowajua wanadamu, ardhi na chakula chao.

Kuhusu kuanguka kwa dola, hakutoa orodha. Alieleza mtambo mzima unavyofanya kazi. Watu wa maisha magumu wana mshikamano, anaouita asabiyya. Kwa huo wanateka mji na kuasisi dola. Kizazi cha kwanza kinakumbuka shida. Cha pili kinaona starehe na mfalme anaanza kuwasukuma pembeni wenzake waliompandisha. Cha tatu kimesahau kila kitu, kinalindwa na askari wa kukodi, na ili kuwalipa kinaongeza kodi, kodi inaua biashara, biashara ikifa mapato yanashuka. Kwa makadirio yake ni miaka 120 hivi, kisha wanatokea wengine wenye njaa. Waweza kumpinga, Waothmani walidumu zaidi ya miaka 600. Lakini ona kwamba anasa na kodi na fitina kwake si hoja ya pili, ya tatu na ya nne. Moja inaizaa nyingine.

Na kuna sura inayohusu wanafunzi wenyewe. Aliona kuwa mwanafunzi wa Tunis humaliza madrasa kwa miaka mitano na yule wa Fez kwa miaka 16. Kwa nini? Kwa sababu huyu wa pili hukaa kimya darasani, anahifadhi tu, hajadili. Alilaumu pia vitabu vya muhtasari vilivyokuwa vimezagaa zama zake, kwamba vinamchosha mwanafunzi bila kumpa umahiri. Sijui angesema nini juu ya madesa yetu.

Tusomapo tusome na macho wazi. Muqaddimah ina maneno ya dharau juu ya watu weusi ambayo Mwafrika hawezi kuyapita kimya. Ni kweli aliikataa hadithi ya laana ya Ham na kusema rangi hutokana na joto la nchi, na ni yeye pia aliyeandika habari za wafalme wa Mali na hija ya Mansa Musa. Lakini katika hayo mengine alipokea masimulizi bila kuyapima kwa mizani yake mwenyewe.

Mwaka 1382 alihamia Misri, akafundisha Al-Azhar, na mwaka 1384 akateuliwa Kadhi Mkuu wa Maliki mjini Cairo. Alibana mashahidi wa uongo na waliochezea nyaraka za wakfu, akapata maadui wengi. Wakati huo huo meli iliyokuwa ikimletea familia yake kutoka Tunis ikazama. Muda mfupi baadaye aliondolewa ukadhi, na mwaka 1387 akaenda kuhiji.

Mwanzoni mwa mwaka 1401, akiwa na umri wa miaka 68, alijikuta Damascus, Timur akiwa ameuzingira mji. Sultani wa Misri alikuwa amekwisha rudi Cairo. Mzee akashushwa ukutani kwa kamba, akaenda kwenye hema la mtu aliyetisha dunia. Walizungumza kwa siku nyingi. Timur alimwuliza habari za Maghrib, akamwagiza aziandike, na akaandika. Akamchukulia na nyumbu wake, ambaye baadaye alimlipia. Wapo wanaomlaumu kwamba alimsifu dhalimu, na lawama hiyo ina uzito, maana mji ulichomwa na Msikiti wa Bani Umayya ukaungua. Lakini habari hizo, pamoja na yale maneno ya kumbembeleza, tunazijua kwa kuwa aliziandika yeye mwenyewe katika maelezo ya maisha yake.

Alirudi Cairo, akaporwa njiani, akarejeshwa kwenye ukadhi na kuondolewa tena na tena. Alifariki Ramadhani mwaka 808, yaani Machi 1406, akiwa kadhi kwa mara ya sita, akazikwa nje ya Bab al-Nasr. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ametuma nakala ya historia yake kwenye msikiti wa Qarawiyyin kule Fez, mji uliomfunga, akaiweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi.